Tumchangie Tusiyemjua

Hotuba hii niliitoa ukumbini Burnaby, mbele ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Vancouver na vitongoji vyake, jioni ya kuwachangia wenzetu watakaoendesha baiskeli kwa ajili ya utafiti wa saratani. Nimeiandika karibu na nilivyoisema, na mahali pachache nimeongeza maelezo kwa sababu watu walinifuata baadaye kuniuliza.

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana mliokaa huku mbele na jezi zenu mpya: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Sisi ni watu wa michango. Humu ndani hakuna ambaye hajapokea kadi ya mchango wa arusi, wala hakuna ambaye simu yake haijawahi kuingizwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la msiba. Mwenzetu akifariki hapa Kanada, kabla matanga hayajaanuliwa pesa ya kuusafirisha mwili hadi Moshi, Kisumu au Bujumbura inakuwa imepatikana. Mtu akiugua nyumbani akaambiwa matibabu yake yako India, tunachanga. Nimeishi na watu wa mataifa mengi katika nchi hii, na ninasema bila kusita kwamba katika jambo hili tuna urithi mkubwa tulioachiwa na wazazi wetu.

Lakini angalieni michango hiyo yote. Kila mmoja una jina la mtu. Tunamjua bwana arusi, tunamjua marehemu, tunamjua mama wa mgonjwa, tumesoma na mdogo wake. Picha inatumwa kwenye kundi, tunaiona, mioyo inalainika, tunatuma.

Leo ninaomba mchango usio na picha. Nataka tumchangie mwanamke ambaye bado hajaugua, au ameugua na hajajua. Labda yuko Surrey hapa jirani, labda yuko Tabora, labda hajazaliwa. Ugonjwa utakaompata ni wa nadra, na kwa kuwa ni wa nadra, akifika hospitalini atakuta kwamba kazi ya kutafuta dawa yake haikufanywa, maana hakukuwa na watu wa kutosha wa kuidai. Kazi hiyo hufanywa miaka kumi au ishirini kabla ya mgonjwa kuingia mlangoni, kwa pesa za watu wasiomjua.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya mwanamke, na hasa zile aina zake zisizotajwa.

Tunaposema saratani ya ovari tunataja magonjwa mengi kwa jina moja. Mwaka 2022 wanawake wapatao 324,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 207,000 walikufa kwayo. Wagonjwa 7 hivi katika kila 10 wana aina moja iitwayo serasi ya daraja la juu (kwa Kiingereza high-grade serous). Hiyo ndiyo inayosomwa sana vyuoni, na dawa nyingi zilizopo zilijaribiwa kwa wenye aina hiyo. Wanaobaki wamegawanyika katika makundi madogo madogo. Kuna serasi ya daraja la chini, inayokwenda polepole na kuwapata wanawake wenye umri mdogo zaidi, na dawa za kawaida za kemikali za kutibu saratani haziisumbui sana. Kuna ile ya seli ndogo, ambayo wastani wa umri wa wagonjwa wake ni miaka 24 hivi, mabinti hasa, nayo ni kali mno. Na kuna uvimbe wa seli za granulosa, ambao ni asilimia 2 hadi 5 tu ya saratani zote za ovari.

Huu wa mwisho nitakaa nao, kwa sababu umeingia nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa yuko Tanga. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi, kisha siku moja damu ikarudi. Shoga zake wakamtania kwamba amerudi usichana. Akacheka nao. Usiku akawa anafua vitambaa vyake peke yake na kuvianika ndani ya chumba ili watoto wasione. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kabla ya kumwambia mtu, na hata mimi mdogo wake nilikuja kuambiwa baadaye sana.

Nimejifunza tangu hapo kwa nini damu ilirudi. Seli za granulosa ndizo zinazolizunguka yai ndani ya ovari, na moja ya kazi zake ni kutengeneza estrojeni, ile homoni ya kike. Zikigeuka saratani, mara nyingi haziachi kazi hiyo. Zinaendelea kumwaga estrojeni katika mwili wa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sitini na kitu, nao mji wa mimba unaitikia vilevile ulivyoitikia ujanani: ukuta wake unanenepa, kisha unatoa damu. Kwa hiyo shoga zake walikuwa wanatania jambo ambalo mwilini lilikuwa linatokea kweli. Laiti mmoja wao angejua kwamba damu baada ya hedhi kukoma si jambo la kutania.

Alifanyiwa upasuaji. Uvimbe ukatolewa, akaambiwa amepona, akapewa karatasi ya maabara iliyokuwa na jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Karatasi ikakunjwa, ikawekwa kwenye mkoba wa vyeti pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja. Miaka ikapita, watoto wakaoa na kuolewa, naye akawa bibi. Kisha tumbo likaanza kujaa tena. Saratani hii ina tabia ya kurudi baada ya muda mrefu, miaka 10, miaka 20, wengine hata zaidi. Mgonjwa wake hutakiwa kufuatiliwa karibu maisha yake yote, kwa vipimo vya damu vya homoni kama inhibini na kwa picha za tumbo. Dada yangu hakuwahi kuambiwa hivyo hata mara moja. Akapasuliwa mara ya pili.

Yuko hai, alhamdulillahi. Ijumaa iliyopita tuliongea kwa simu nikamweleza kwamba huku watu wataendesha baiskeli siku mbili, zaidi ya kilomita 200, kuchangia utafiti wa saratani, na mwaka huu sisi tumeamua kuuzungumzia ugonjwa kama wake. Akaniuliza, “Wananijua?” Nikamjibu hawakujui, dada. Akakaa kimya, kisha akasema, “Basi waambie wale vizuri kabla ya safari.”

Sasa nataka niwaeleze jambo lililofanyika katika mji huu huu tunaoishi, na ambalo nadhani watu wengi humu hawalijui. Mimi si daktari. Nimesoma kwa sababu ya dada yangu, nimeuliza, na watu wema wamenieleza kwa subira.

Hapa Vancouver kuna kundi la watafiti wa saratani ya ovari liitwalo OVCARE, linalounganisha BC Cancer, yaani taasisi ya saratani ya jimbo letu la British Columbia, Chuo Kikuu cha British Columbia na Hospitali Kuu ya Vancouver. Kundi hili lilianza mwaka 2000, nalo lilijenga tangu mapema hifadhi ya sampuli. Mwanamke akipasuliwa, na akikubali kwa hiari yake na kutia saini, kipande cha uvimbe uliotolewa kinagandishwa na kutunzwa. Hakuna anayejua siku hiyo kitatumika kwa nini. Kinatunzwa tu, kwa gharama ya mafriji, umeme, na mishahara ya watu wanaoandika kumbukumbu. Wafadhili wakubwa hawapendi kulipia mafriji. Pesa za michango ya wananchi ndizo zinazoweza kulipia kitu cha namna hiyo.

Mwaka 2009 watafiti hao, wakiongozwa na Dokta David Huntsman pamoja na Sohrab Shah na wenzao, walichukua sampuli nne za uvimbe wa seli za granulosa. Nne tu, ndugu zangu. Wakasoma herufi za vinasaba vinavyotumika ndani ya seli hizo, kwa mashine za kizazi kipya zilizokuwa zimeanza kupatikana wakati huo. Binadamu ana herufi za vinasaba zipatazo bilioni 3. Katika sampuli zote nne walikuta herufi ileile moja imebadilika, mahali palepale, katika jeni, yaani kipande kimoja cha vinasaba, liitwalo FOXL2. Palipotakiwa kuwa na C, palikuwa na G.

Wakauliza kama ni bahati nasibu. Wakatafuta sampuli nyingine 89 za uvimbe huo kwa watu wazima, na katika 86 wakakuta badiliko lilelile. Wakapima uvimbe 329 wa aina nyingine za saratani ya ovari na ya matiti: hakuna hata mmoja uliokuwa nalo. Utafiti ukachapishwa mwaka huohuo katika jarida la New England Journal of Medicine.

Naomba mtulie hapa kidogo, maana mimi kila nikilifikiria jambo hili moyo wangu hujaa. Uvimbe huu ulielezwa na madaktari wa Ulaya tangu karne ya 19. Kwa zaidi ya miaka mia watu waliutazama kwa hadubini, wakabishana, wakauchanganya na uvimbe wa namna nyingine, kwa sababu seli zake zinaweza kuvaa sura nyingi. Wanawake walipewa majina ya magonjwa yasiyo yao. Kisha sampuli nne, zilizotolewa na wanawake wanne waliotia saini karatasi bila kutarajia faida yoyote, zikafungua mlango. Leo daktari wa maabara akiwa na shaka, anaweza kulipima jeni hilo na kupata jibu.

Na jeni lenyewe lina habari zake. FOXL2 ndilo linaloihifadhi ovari iendelee kuwa ovari. Mwaka huohuo wa 2009 watafiti wa Ulaya walilizima jeni hilo katika panya jike waliokwisha kukua, na seli za ovari zikaanza kugeuka na kuwa kama za korodani. Wafugaji nao wanalijua bila kujua: kuna mbuzi wanaozaliwa bila pembe, na baadhi yao wanaopaswa kuwa majike huzaliwa na maumbile ya dume. Chanzo chake ni hitilafu karibu na jeni hilihili. Nani angedhani kwamba swali la mbuzi asiye na pembe na swali la damu ya dada yangu yanakutana mahali pamoja? Utafiti huenda hivyo. Mtu anayetaka kulipia tu kile chenye faida inayoonekana asingelipia kumchunguza mbuzi.

Sasa nisiwadanganye. Tangu 2009 hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa inayolilenga badiliko hilo la FOXL2. Tiba kubwa ya ugonjwa huu bado ni kisu. Mlango ulifunguliwa, lakini ndani ya nyumba bado kuna kazi, na kazi imekwenda polepole kwa sababu wagonjwa ni wachache. Hapa Kanada wanawake kama 3,000 hugunduliwa na saratani ya ovari kwa mwaka. Chukueni asilimia 2 hadi 5 ya hao: ni watu 60 hadi 150. Wote wanaenea ndani ya ukumbi huu na viti vinabaki. Kampuni ya dawa ikipiga hesabu ya gharama na ya wateja 150, inafunga daftari. Siwalaani; ndivyo biashara ilivyo. Ninachosema ni kwamba mahali biashara inapofunga daftari, ndipo watu wa michango wanapotakiwa kufungua lao.

Na hata pesa ikipatikana, watu wenyewe wa kufanyia majaribio ni shida kuwapata. Chukueni ile serasi ya daraja la chini niliyoitaja. Kulifanyika jaribio la dawa iitwayo trametinib, likiongozwa na Dokta David Gershenson wa Houston. Walihitaji wanawake 260. Ilibidi Marekani na Uingereza ziungane, hospitali nyingi zishiriki, na bado kuwaandikisha wanawake hao kulianza 2014 kukamalizika 2018. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliopewa dawa hiyo walikaa miezi 13 kwa wastani kabla ya ugonjwa kusonga mbele, na waliopewa tiba za kawaida miezi 7 na kidogo. Njia hiyo ikafungua nyingine. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa mbili zinazotumiwa pamoja, avutometinib na defactinib, kwa wanawake ambao ugonjwa huo umewarudia na uvimbe wao una badiliko katika jeni la KRAS. Ni mara ya kwanza kwa wagonjwa hao kupata tiba iliyoidhinishwa kwa jina la ugonjwa wao. Na ile saratani ya mabinti, ya seli ndogo? Mwaka 2014 makundi matatu ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalitangaza kwamba chanzo chake ni kuharibika kwa jeni moja liitwalo SMARCA4. Ugonjwa ambao zamani familia zilizikwa nao bila maelezo, sasa dada wa mgonjwa anaweza kupimwa kabla.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba magonjwa ya nadra hayana tumaini, mjibu kwamba yana tumaini, ila yana njaa.

Baiskeli zinaingia wapi?

Mwaka 1980 huko Massachusetts, kijana aitwaye Billy Starr, aliyefiwa na mama yake kwa saratani ya ngozi, aliwakusanya wenzake 36 wakaendesha baiskeli kuvuka jimbo hilo hadi Provincetown, mwisho kabisa wa rasi ya Cape Cod. Walipata dola 10,200, zikapelekwa taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, haijakoma mpaka leo, na jumla ya pesa ilizokusanya sasa imezidi dola bilioni 1. New York kulikuwa na mwanamke aitwaye Jennifer Goodman Linn, mgonjwa wa saratani ya nadra ya tishu laini. Mwaka 2007 yeye na mumewe Dave walikodi baiskeli za ndani, zile zisizosogea, wakaalika marafiki wapokezane kupiga pedali. Wakaanzisha hivyo Cycle for Survival, na pesa yake yote huenda kwenye utafiti wa saratani za nadra katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Jennifer alifariki mwaka 2011. Baiskeli alizoziwasha zimeshakusanya zaidi ya dola milioni 300.

Na hapa kwetu, mwaka uleule wa 2009 uliosomwa jeni la FOXL2, ilianza safari ya kutoka Vancouver hadi Seattle iliyoitwa Ride to Conquer Cancer, kwa ajili ya BC Cancer. Siyo kwamba waendesha baiskeli ndio waliolipia ugunduzi ule, hapana, huo ulitangulia. Lakini miaka iliyofuata pesa za namna hiyo zimekuwa chakula cha watafiti wa jimbo hili. Siku hizi jina limebadilika na njia imebadilika, watu wanapita bonde la mto Fraser, ila utaratibu ni uleule: mwendeshaji anajiandikisha, kisha anazunguka kwa ndugu, kazini, msikitini, kanisani, akiomba. Zamani kiwango cha chini kilikuwa dola 2,500 kwa kila mwendeshaji, na wengi walipita hapo.

Nimewahi kusimama pembeni ya njia kuwagawia maji. Walipita kwa mamia, kofia ngumu za kila rangi, wengine watu wa mazoezi, wengine watu wa kawaida kabisa wanaohema. Baadhi ya baiskeli zilikuwa na bendera ndogo ya njano iliyofungwa nyuma ya kiti. Nikauliza, nikaambiwa hiyo ni alama ya aliyepona saratani au anayeishi nayo. Nikaanza kuziangalia bendera tu. Akaja mama mmoja wa umri wangu, peke yake, amebadili gia ya chini kabisa, mlima umemkaba. Kijana aliyekuwa mbele yake akaona bendera, akapunguza mwendo, akaja akaendesha ubavuni pake mpaka juu. Hawakuongea neno. Walipofika kileleni kijana akaondoka zake.

Watu wananiuliza: mama, kama ni pesa, kwa nini tusitoe tu, hiyo baiskeli ya nini? Swali zuri. Mimi nadhani kazi kubwa ya baiskeli ni ile ya kuomba, kabla hata pedali haijazunguka. Kila mmoja wa vijana hawa itabidi awaombe watu hamsini, na kila atakayeombwa atauliza unaendea nini, naye itabidi aseme: saratani ya ovari. Atamwambia mjomba wake. Atamwambia fundi wa magari. Tumelelewa katika adabu ya kutotaja maradhi ya kike mbele za wanaume, na adabu hiyo ina uzuri wake, lakini imemfungia dada yangu chumbani na vitambaa vyake. Kijana wa kiume akisimama mbele ya baba yake na kutamka ugonjwa huu, kwa mchango wa pesa ndogo tu, kuna kitu kimevunjika ambacho kilistahili kuvunjika.

Wengine wanauliza, na wana haki, kama pesa zinafika. Ulizeni. Hizo mbili za Marekani nilizozitaja zinapeleka kwenye utafiti asilimia 100 ya pesa za wachangiaji, kwa sababu gharama za maandalizi zinalipwa na wafadhili wengine. Siyo kila safari ya baiskeli iko hivyo. Kabla ya kujiandikisha popote, uliza: katika kila dola, senti ngapi zinafika maabara? Na ya pili: ninaweza kuelekeza mchango wangu kwenye saratani ya ovari, na hasa zile za nadra? Ukiweza, andika hivyo kwenye fomu kwa herufi zinazosomeka. Usipoandika, pesa yako itakwenda kwenye mfuko mkubwa, na katika mfuko mkubwa, mdogo husahaulika.

Nina ombi jingine ambalo halihitaji hata senti. Sampuli nyingi za vinasaba zinazosomwa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi tuko wachache mno ndani ya hifadhi hizo. Mama, dada, ukilazwa hapa kwa upasuaji wowote wa tumbo la uzazi na ukaletewa karatasi ya kuomba ridhaa ili kipande cha kilichotolewa kitunzwe kwa utafiti, usiikatae kwa hofu tu. Uliza maswali yako yote, mtake mkalimani, soma na mtu unayemwamini. Kisha, ukiridhika, tia saini. Wanawake wanne walifungua mlango wa FOXL2. Kwa binti zetu, huenda wa tano akawa mmoja wetu.

Nimalizie na afya zenu wenyewe, kwa ufupi. Hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote wazima ili kuigundua saratani hii mapema. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, kwa miaka mingi, na matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba vipimo vile havikupunguza vifo. Kwa hiyo ulinzi tulio nao ni kuusikiliza mwili. Tumbo kujaa siku nyingi mfululizo, kushiba kwa matonge machache, maumivu ya nyonga au chini ya kitovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara kuliko kawaida yako: yakiwa mageni na yakidumu wiki mbili tatu, nenda kwa daktari na ulitaje neno ovari wewe mwenyewe. Na damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, hata mara moja, usisubiri. Walio na mama na shangazi nyumbani, wapigieni simu kesho mwaulize. Kama waliwahi kupasuliwa uvimbe, waambieni waitafute ile karatasi ya maabara, waipige picha, waitume, isomwe na mtu anayeijua. Dada yangu alikaa na jibu lake ndani ya mkoba miaka yote ile.

Vijana watapita sasa na daftari. Anayetoa leo aandike jina na kiasi, na risiti ya kodi atatumiwa. Asiye na pesa leo aandike ahadi na tarehe, tutamkumbusha kwa heshima. Wafanyabiashara wetu wenye maduka na migahawa, nawaomba mniruhusu niache fomu kaunta. Mazoezi ya pamoja yanaanza Jumamosi saa moja asubuhi, mbele ya ukumbi huu, njia tambarare kwanza, milima baadaye, na akina mama ambao hawajapanda baiskeli tangu utotoni wanakaribishwa kuliko wote. Kuna baiskeli tatu za kuazima. Anayetaka moja aniambie kabla ya Alhamisi, ili nipate nafasi ya kuipeleka kwa fundi akaze breki na kubadilisha cheni.